Historia fupi ya kubeba baiskeli kwa gari, na kwa nini tairi limeshinda

Leo tunaweka programu kando kidogo. Marafiki wanaoendesha baiskeli huniuliza swali moja kila mara: gari ninalo, baiskeli ninayo, Jumamosi nataka kwenda Hell's Gate. Niibebe juu ya paa, nyuma ya buti au ndani?

Jibu la haraka ni "inategemea", na hilo ni jibu la mtu mvivu. Ukipitia historia yenyewe utapata jibu zuri zaidi. Kila njia iliyobuniwa ilichagua kushika sehemu moja ya baiskeli: foku, fremu au tairi. Sehemu hiyo ndiyo iliyoamua kama njia itadumu au itapitwa na wakati.

Kabla ya gari kubeba baiskeli

Baiskeli ya kisasa na gari ni watu wa rika moja. John Kemp Starley alitoa baiskeli yake ya Rover huko Uingereza mwaka 1885, na Karl Benz akapata hataza ya gari lake Ujerumani mwaka 1886. Hata hivyo, miaka mingi ilipita kabla ya kimoja kuzoea kumbeba mwenzake.

Mfano mzuri ni mwaka 1913. Eugène Christophe alikuwa kwenye Tour de France, foku yake ikavunjika katika mlima wa Tourmalet. Siku hizi gari la timu lingefika na baiskeli nyingine juu ya paa. Wakati ule sheria zilimkataza kupokea msaada wowote. Aliibeba baiskeli, akateremka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaiunga mwenyewe kwenye karakana ya mhunzi. Na bado alipewa adhabu ya muda, kwa sababu kijana mmoja alimsaidia kuvuta mivukuto!

Njia ya kwanza: shika foku

Zamani kutoa gurudumu kulihitaji spana ya kulegeza nati. Miaka ya 1930 Mwitaliano Tullio Campagnolo alileta kifungio cha haraka, yaani mkono mdogo unaougeuza na gurudumu linatoka bila spana. Aliwalenga wanamashindano, lakini kifaa hicho kilifungua mlango mwingine. Ukitoa gurudumu la mbele, ncha mbili za foku zinabaki wazi. Ukiweka juu ya paa la gari chuma chenye upana wa milimita 100, sawa na kitovu cha gurudumu, unabana foku hapo kwa kifungio kilekile.

Watengenezaji wa keria za paa walikuwa tayari. Thule ya Sweden, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1942 na Erik Thulin, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mtego wa samaki. Iliingia kwenye keria za magari miaka ya 1960. Mwaka 1973, kampuni ya Kifaransa ya Mavic ilianza kupeleka magari ya msaada kwenye mashindano ya Paris-Nice, yakiwa na baiskeli na magurudumu kwa mpanda baiskeli wa timu yoyote.

Njia ya pili: shika fremu

Marekani mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 1967 Dick Allen, kule Massachusetts, alitengeneza keria inayofungwa kwa mikanda nyuma ya buti, yenye mikono miwili ambayo baiskeli inaning'inia kwa bomba la juu la fremu. Ilikuwa nyepesi na haikuhitaji gari maalum. Kisha wimbi la baiskeli likaja: mwaka 1973 Wamarekani walinunua baiskeli milioni 15 hivi. Watu wakahitaji njia ya kuzifikisha nje ya mji.

Shida ni kwamba keria hiyo inaamini kila baiskeli ina bomba la juu lililonyooka. Baiskeli za akina mama hazina. Baiskeli za milimani zenye springi ya nyuma zina fremu za maumbo ya ajabu. Ikabidi iuzwe fimbo ya kufunga kati ya kiti na usukani ili kuigiza bomba ambalo halipo. Ninyi waandishi wa programu mnaijua harufu hii: adapta juu ya adapta.

Sehemu ya kukutania ikibadilika

Foku nayo haikubaki salama. Breki za diski zinasukuma ekseli kwa nguvu, kwa hiyo watengenezaji wakataka ekseli nene inayopita ndani ya foku. Ile ya milimita 15 ilitangazwa mwaka 2008 kwa baiskeli za milimani, na miaka ya 2010 baiskeli za barabarani zikafuata kwa milimita 12. Keria nzuri za foku zikageuka ghafla kuwa vyuma visivyoshika kitu bila adapta.

Somo lenyewe lilionekana hadharani tarehe 14 Julai 2016. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alianguka nyuma ya pikipiki iliyozuiwa na umati kwenye mlima Ventoux, baiskeli yake ikavunjika. Gari la timu lilikuwa mbali nyuma, akaanza kukimbia kwa miguu. Alipewa baiskeli ya msaada, lakini pedeli zake hazikukubali viatu vyake. Akasubiri gari la timu yake. Baiskeli ile ilibebwa vizuri kabisa hadi mlimani. Kilichokosekana ni makubaliano pale sehemu mbili zinapokutana.

Njia ya tatu: shika tairi

Keria za kizazi hiki ni sinia ndefu ambayo magurudumu mawili yanakaa, na mkono wenye ndoano unaobana tairi kutoka juu. Haigusi fremu wala foku. Haijali ekseli yako ni ya aina gani. Rimu za 700C na za inchi 29 zina kipenyo kimoja cha milimita 622, na za inchi 26 ni milimita 559, tofauti ndogo ambayo mkono unaoteleza unaimudu. Ndiyo sababu nasema tairi limeshinda: keria ya tairi inahitaji kujua machache zaidi kuhusu baiskeli yako.

Sasa, ubebe vipi?

Kwanza, ndani. Toa gurudumu la mbele, laza viti vya Probox, tandika blanketi. Hakuna upepo, hakuna mwizi wa kwenye foleni.

Pili, sinia ya kushika tairi kwenye chuma cha kuvutia trela. Pima uzito, hasa kama baiskeli ni ya umeme, na hakikisha nambari ya gari na taa za nyuma zinaonekana.

Tatu, paa. Timu za mashindano hulipenda kwa kuwa fundi anashuka na kuinyakua baiskeli kwa sekunde chache. Wewe huna fundi. Gari la mita 1.5 na baiskeli ya mita 1 ni mita 2.5, na maegesho mengi ya chini ya majengo hayafiki hapo. Halafu kuna upepo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu yake inaongezeka kwa asilimia 56.

Mwisho, mikanda ya buti. Inafaa kwa safari fupi, ila fremu za kaboni hazipendi kubanwa.

Na tafadhali msitegemee blada peke yake. Inashika magunia vizuri kwenye basi la mashambani, lakini mpira huvutika. Baiskeli ikidondoka kwenye mteremko wa Mai Mahiu, anayeumia ni mtu wa pikipiki aliye nyuma yako, ambaye hakushauriwa kuhusu keria.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari, shika baiskeli na uitikise kwa nguvu. Ikicheza peke yake, funga upya. Gari zima likitikisika nayo, safari njema.