Motere haiwake: tafuta cheche kabla ya kununua

Pikipiki ikizimika katikati ya Kasongo na Kabambare wakati wa mvua, wengi wanakimbilia kununua bujie mpya. Mara nyingi shida iko pengine, na pesa inapotea bure.

Fungua bujie. Kama imelowa esansi, mafuta yanafika. Pengine kinachokosa ni cheche. Ikaushe, sugua masizi, angalia nafasi ya ncha: kwa pikipiki nyingi ni milimita 0,6 hadi 0,7.

Ziba tundu la silinda kwa kitambaa, maana mvuke wa esansi unaweza kulipuka. Rudisha bujie ndani ya kofia yake, gusisha chuma chake kwa motere, washa kontakti, piga kiki. Usishike chuma cha bujie wala waya: umeme wake unapita volti 10.000.

- Cheche ya bluu, yenye nguvu: angalia karabu na kompresio.
- Cheche ya njano, dhaifu: kausha kofia, kata kidogo ncha ya waya iliyooza, kaza tena. Azima bujie ya mwenzako ujaribu.
- Hakuna cheche: angalia kitufe cha kuzimia, kontakti, waya zilizochubuka, kisha bobini.

Motere za zamani zina platine. Isafishe, nafasi yake huwa milimita 0,3 hadi 0,4. Ikiungua haraka, shuku kondansa. Pikipiki nyingi za sasa zina CDI: hiyo haitengenezwi, jaribu ingine ya namna moja.

Mashini za mazutu hazina bujie ya cheche, ugonjwa wake ni mwingine.