Kukwama na Kukwamua: Historia ya Istilahi za Uokoaji wa Ruta

Mfasiri akiletewa maelekezo ya kuokoa ruta ya nyumbani iliyowekewa programu dhibiti isiyo ya kiwandani, hukuta mambo matatu yaliyo mbalimbali yakiitwa kwa kitenzi kimoja, yaani "kurejesha". Hurejeshwa nafasi ya kuingia baada ya nywila kusahauliwa. Hurejeshwa mipangilio ya awali. Tena hurejeshwa programu dhibiti iliyoharibika. Msomaji atekelezaye jambo la pili akidhani ni la kwanza hupoteza mipangilio yake yote kwa dakika moja. Naye aambiwaye kwamba ruta yake "imekufa", hali imekwama tu, huitupa jalalani na kwenda kununua nyingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mambo hayo yalivyozuka, kwa kuwa kila moja lina chanzo chake.

Juu ya jina la kifaa hatutakawia. Wako wanaoandika "kipanga njia", na si kosa. Lakini wenye kukitumia husema "ruta", nasi tutawafuata.

Mnamo Desemba 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilianza kuuza ruta iitwayo WRT54G, kisanduku cha rangi ya buluu na nyeusi chenye antena mbili. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilinunuliwa na Cisco, na katika mwaka huo huo wataalamu wa programu waligundua kwamba ndani ya kisanduku hicho mlikuwa na Linux. Sasa, Linux hutolewa chini ya Leseni ya Umma ya GNU, ambayo humlazimisha mwenye kuigawa awape wanaoipokea msimbo wake pia. Wataalamu wakadai haki hiyo, na msimbo ukatolewa. Kutokana nao ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, na baadaye DD-WRT ya Sebastian Gottschall wa Ujerumani mwaka 2005. Tangu hapo mwananchi wa kawaida aliweza kuondoa programu dhibiti ya kiwandani na kuweka mbadala. Aliweza pia, kwa mara ya kwanza, kuiharibu ruta yake kwa mikono yake mwenyewe bila kuidondosha wala kuimwagia maji.

Hapo ndipo lilipoingia neno la Kiingereza lenye maana ya "tofali": kifaa kisichoitikia chochote, kinachofaa kujengea ukuta tu. Ni sitiari nzuri, lakini imetumika ovyo. Ruta nyingi zilizoitwa matofali hazikuwa hivyo. Kabla ya programu dhibiti kuanza kazi, hutangulia programu ndogo ya kuamshia kifaa, ambayo tunapendekeza iitwe "kiamshi". Katika WRT54G kiamshi hicho kiliitwa CFE, nacho hukaa katika sehemu yake ya kumbukumbu, mbali na programu dhibiti. Iwapo kigezo kiitwacho boot_wait kimewashwa, kiamshi husubiri sekunde chache kila umeme unapowashwa, kikisikiliza kama kuna kompyuta inayotaka kukiletea programu mpya kwa waya. Upelekaji huo hufuata kanuni ya TFTP, ambayo toleo lake la pili lilichapishwa mwaka 1981 na kusahihishwa mwaka 1992. Ni kanuni kongwe na nyepesi mno: hugawa faili katika vipande vya baiti 512, wala haiulizi nywila. Wepesi huo ndio ulioiwezesha kutosha ndani ya kiamshi.

Basi ruta ya namna hiyo haijafa. Tulifikiria kuiita "iliyozimia", kwa kuwa mtu aliyezimia huzinduliwa. Lakini "imezimia" na "imezimwa" yatachanganywa na kila msomaji mwenye haraka. Tunaona bora kusema kwamba ruta "imekwama". Gari likikwama matopeni hukwamuliwa, na hakuna aliyeona gari lililokwama akaenda kulizika. Kwa hiyo kurudisha programu dhibiti kwa njia ya kiamshi kuitwe "kukwamua".

Jambo la nywila ni tofauti kabisa, maana hapo ruta hufanya kazi vizuri ila mwenyewe amefungiwa nje. OpenWrt iliweka dawa yake mapema. Mtu huwasha ruta, husubiri taa iashirie, kisha hubonyeza kitufe. Katika WRT54G ishara ilikuwa kuwaka kwa taa iliyoandikwa DMZ. Hapo ruta huamka bila kusoma mipangilio iliyohifadhiwa. Hushika anwani 192.168.1.1, wala haigawi anwani kwa kompyuta nyingine, hivyo mtumiaji hana budi kuipa kompyuta yake anwani kwa mkono, tuseme 192.168.1.2. Akiisha kuingia, huamuru mount_root ili mafaili yake yaweze kuandikwa, kisha passwd ili aweke nywila mpya. Mipangilio mingine yote hubaki kama ilivyokuwa.

Tumeona hali hiyo ikifasiriwa kuwa "hali salama". Kwa maoni yetu tafsiri hiyo ni ya hatari. Ndani yake ruta humfungulia yeyote aliyechomeka waya, bila nywila! Usalama unaokusudiwa ni kwamba njia hii haizuiliwi na makosa ya mipangilio, si kwamba mlango umefungwa. "Hali ya uokozi" ingetosha.

Linabaki jambo la tatu. Mafaili ya OpenWrt hupangwa kwa tabaka mbili: la chini husomwa tu na halibadiliki, la juu huandikwa mabadiliko yote ya mtumiaji. Amri ya firstboot hufuta tabaka la juu. Kwa hiyo istilahi "kuweka upya" huficha jambo lenyewe, kwani hakuna kipya kinachowekwa. Kinachofanyika ni kufuta, na mfasiri aseme "kufuta mipangilio" ili msomaji asite kidogo kabla ya kubonyeza. Wafuasi wa DD-WRT nao walikuwa na desturi yao: kushika kitufe sekunde 30, kuchomoa umeme huku kimeshikwa sekunde 30 nyingine, kisha kuurudisha na kushika 30 za mwisho. Wengi waliifanya kama tambiko kwa kila ugonjwa, ingawa ilifaa ruta za zamani tu na yaweza kudhuru baadhi ya zile zilizofuata.

Tofali la kweli lipo, hata hivyo. Kiamshi chenyewe kikifutwa, hakuna wa kusikiliza TFTP wala wa kuona kitufe. Fundi hulazimika kufungua kisanduku, kulehemu waya kwenye ubao, na kuandika kumbukumbu moja kwa moja kwa njia ya JTAG, kanuni iliyokusudiwa hasa kupimia saketi viwandani na kuidhinishwa mwaka 1990. Kwa ruta ya namna hiyo neno "tofali" lisiondolewe, na mfasiri alitumie hapo tu.