Kabla ya darasa la awali
Malezi ya watoto wadogo yakijadiliwa Masumbwe, mji uliotoka Shinyanga na kuingia Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, mazungumzo huishia darasani: darasa la awali lipo au halipo, mwalimu ana watoto wangapi. Sera ya Elimu ya 1995 ililipa darasa hilo nafasi yake, na ilifanya vyema. Lakini utafiti uliotufundisha namna mtoto anavyojenga utulivu wa moyo haukuanzia darasani. Sehemu yake muhimu ilifanyika Uganda, katika nyumba za Waganda, miaka ya 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipokuwa akiwatembelea kina mama 26 wenye watoto 28. Alimwona mtoto akitambaa kwenda kuchokora kitu, akageuka kuhakikisha mama yupo, kisha akaendelea na shughuli yake. Watoto waliotulia hivyo mara nyingi mama zao ndio walioweza kuwaeleza kwa undani: anapenda nini, analilia nini. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka 1967, na wanasaikolojia wanakirejea hadi leo.

Wapo watakaosema bibi zetu walilea bila utafiti, na kwamba mtoto wa Kisukuma au wa Kisumbwa hajawahi kuwa wa mama peke yake. Ni kweli, na utoto wa Wasukuma wa vijijini na wa mjini Mwanza ulikwisha kuandikiwa kitabu na mtafiti Corlien Varkevisser mwaka 1973. Ainsworth naye hakukuta kwamba wingi wa walezi, peke yake, humnyima mtoto utulivu. Ila hoja ya bibi inamtaka bibi awepo. Kwenye ukanda huu wa dhahabu wazazi huhama kufuata rashi, yaani machimbo mapya, bibi akabaki kijijini, na mama akaosha mchanga mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, mtoto akiwa mgongoni, jirani na mtu anayechoma zebaki. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 ilieleza watoto waliokuwa wakiishika zebaki hiyo machimboni Geita, Shinyanga na Mbeya. Mvuke wake hudhuru ubongo unaokua. Darasa la awali humpokea mtoto akiwa na miaka mitano, wakati madhara hayo yamekwisha kuingia.

Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamhesabu mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Basi wanaopanga bajeti ya Mbogwe, wilaya ya Masumbwe, waanzie mialoni: zebaki iwekwe mbali na watoto, na mama anayeosha dhahabu apate mahali salama pa kumwacha mwanawe.