Fedha Ndani ya Karatasi

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno moja: FEDHA. Lisomeni pamoja.

Neno hili lina maana mbili. Kwanza, ni madini meupe yanayong'aa. Pili, ni pesa za matumizi. Zamani maana hizi mbili zilikutana katika sarafu moja. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1946 ilikuwa na robo ya madini ya fedha ndani yake. Ile ya mwaka 1948 haikuwa nayo hata chembe.

Jambo kama hilo lilitokea Marekani, na habari zake zina mafundisho kwa kila mnunuzi. Tuzisikilize.

Tangu mwaka 1837 hadi 1964, senti 10, robo dola na nusu dola za Marekani zilitengenezwa kwa sehemu 900 za fedha na sehemu 100 za shaba. Miaka ya 1960 bei ya fedha ilipanda. Watu wakaona kwamba madini yaliyomo katika sarafu yatakuwa na thamani kupita ile iliyoandikwa juu yake. Je, wewe ungefanya nini? Nao walifanya hivyo hivyo: waliziweka majumbani, zikaadimika madukani. Tarehe 23 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuondoa fedha katika senti 10 na robo dola. Nusu dola iliachiwa fedha kidogo hadi mwaka 1970.

Basi, sarafu zile za zamani hununuliwa hata leo, na nyingine huuzwa zikiwa zimefungwa katika karatasi ya benki, mfano wa mshumaa mfupi. Robo dola hufungwa 40, yaani dola 10. Muuzaji husema: "Kifurushi hiki hakijapata kufunguliwa tangu kilipotoka benki." Kwa neno hilo huongeza bei, maana sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu hutafutwa sana.

Hapa ndipo pa kuangalia, ndugu yangu. Kiwanda cha serikali kilipeleka sarafu katika mifuko ya nguo. Waliozifunga katika karatasi ni watu wa benki. Basi karatasi si ushahidi wa kiwanda. Karatasi ya zamani yaweza kujazwa tena, na mashine za kukunja ncha zake zimo hata mikononi mwa watu binafsi. Mdanganyifu huweka sarafu nzuri mbili, moja kila ncha, na katikati akatia za bei ndogo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Utajuaje? Tumia mizani. Robo dola ya fedha ina gramu 6.25. Ile iliyotolewa tangu mwaka 1965 ina gramu 5.67. Kwa hiyo sarafu 40 za fedha ni gramu 250, na 40 za namna mpya ni karibu gramu 227, bila karatasi. Zilizotumika sana hupungua uzito kidogo.

Lakini mizani haisemi mwaka, wala haisemi kama sarafu imechakaa. Kwa hayo hakuna dawa ila kufungua. Tazama ukingo wa kila sarafu: ya fedha ni mweupe wote, ya namna mpya ina mstari wa rangi ya shaba. Soma mwaka. Hesabu zote mbele ya muuzaji.

Akikukataza kufungua, usibishane naye. Mwambie utalipa thamani ya fedha iliyopimwa, si bei ya hadithi. Akikataa, mwachie mali yake. Kununua bila kutazama ni kununua mbuzi ndani ya gunia, na pesa ulizoziweka kwa taabu ya mwaka mzima zaweza kupotea kwa saa moja.

Tena kumbuka: kusoma mwaka katika sarafu na kujumlisha uzito ni kazi ya kalamu na daftari lako. Ndiyo elimu hii unayoitafuta hapa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini watu wa Marekani waliziweka sarafu za fedha majumbani?
2. Kifurushi cha robo dola 40 kina gramu 228. Je, ni za fedha?
3. Katika gramu 250 za sarafu hizo za zamani, fedha tupu ni gramu ngapi?

Kwaherini, hadi somo lijalo.