Golf, Peugeot 205 na Renault 5: Kasi ya zamani na gharama yake

WAPENZI wa magari madogo ya kasi yaliyoundwa Ulaya miaka ya 1970 na 1980 wamebishana kwa muda mrefu kuhusu lipi lililokuwa bora kati ya Volkswagen Golf GTI, Peugeot 205 GTI na Renault 5 GT Turbo.

Mabishano hayo aghalabu huanza na kuishia kwenye takwimu za kasi. Hata hivyo, takwimu zenyewe zinakaribiana mno, na anayetaka kumiliki mojawapo ya magari hayo leo ana swali zito zaidi la kujiuliza: je, gari hilo litamdai nini baada ya kulilipia?

Magari hayo matatu ni ya aina ya hachibeki, yaani gari fupi lisilo na buti la kujitenga, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Watengenezaji walichukua gari la kawaida la kuendea sokoni na kupelekea watoto shuleni, wakalitia injini yenye nguvu zaidi, springi ngumu na breki bora, kisha wakaliuza kwa bei iliyokuwa chini mno ya ile ya magari halisi ya mbio.

Chimbuko

Golf GTI ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata. Wakati huo huo, Renault ya Ufaransa ilitoa Renault 5 Alpine, gari lenye injini ya lita 1.4 na nguvu za farasi 93.

Volkswagen ilikusudia kutengeneza Golf GTI 5,000 pekee. Kufikia mwisho wa toleo la kwanza, zaidi ya 460,000 yalikuwa yametengenezwa.

Injini yake ya lita 1.6 ilitumia mtambo wa Bosch wa kupuliza petroli badala ya kabureta, na ilitoa nguvu za farasi 110. Kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 800 na ushei tu, liliweza kufikia kasi ya kilomita 100 kwa saa katika muda wa takriban sekunde tisa, na kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilomita 182 kwa saa.

Mwaka 1984, Peugeot ilijibu kwa 205 GTI. Toleo la kwanza lilikuwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 105, zilizoongezwa hadi 115 mwaka 1986. Mwishoni mwa mwaka huo likaja toleo la lita 1.9 lenye nguvu za farasi 130, lililoweza kupita kilomita 200 kwa saa.

Renault nayo ilifuata njia tofauti. Badala ya injini kubwa, 5 GT Turbo ya mwaka 1985 ilibaki na injini ya zamani ya lita 1.4, lakini ikaongezewa tabochaja, mtambo unaotumia moshi wa injini kusukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu zilifika farasi 115, na toleo la pili la mwaka 1987 likawa na farasi 120.

Siri iko kwenye uzito

Msomaji aliyezoea magari ya kisasa huenda akashangaa ni vipi farasi 110 waliitwa nguvu nyingi. Jibu ni wepesi wa gari.

Ukigawanya nguvu kwa uzito, Golf GTI ya kwanza inapata takriban farasi 135 kwa kila tani. Renault 5 GT Turbo inapata kama 140, na Peugeot 205 ya lita 1.9 inakaribia 150.

Golf GTI ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2020, ina nguvu za farasi 245, zaidi ya maradufu ya zile za mwaka 1976. Lakini kwa kuwa ina uzito wa zaidi ya kilo 1,400, uwiano wake ni takriban farasi 170 kwa tani. Yaani nguvu zimezidi mara mbili, ilhali uwiano umepanda kwa karibu robo tu.

Hii ndiyo sababu magari hayo ya zamani bado huhisiwa kuwa mepesi na yenye uchangamfu barabarani hata pale yanapopitwa na magari mapya ya kawaida.

Namna kila moja linavyoipata kasi

Tofauti halisi haimo katika sekunde bali katika tabia. Golf ni mtulivu. Injini yake huvuta kwa mfululizo tangu mwendo wa chini, na gari halimshtui dereva. Toleo la pili lililoanza mwaka 1984 lilikuwa zito na pana zaidi, na ndilo linalowafaa wanaotaka gari la matumizi ya kila siku. Toleo hilo lilipotiwa injini ya vali 16, nguvu zilifika farasi 139.

Peugeot 205 ni mwepesi wa kugeuka kuliko wenzake, na ndiyo sifa iliyompa jina. Lakini sifa hiyo hiyo ina hatari. Dereva akiingia kona kwa kasi kisha aondoe mguu kwenye mafuta ghafla, uzito husogea mbele, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko na mkia wa gari hutupwa nje. Anayelijua gari huitumia hali hiyo kugeuka upesi. Asiyelijua hujikuta ameelekea alikotoka, au ndani ya mtaro.

Kati ya matoleo yake mawili, lile la lita 1.9 lina msukumo mkubwa zaidi na breki za diski kwenye magurudumu yote manne. Lile la lita 1.6 lina breki za dramu nyuma, lakini injini yake hupenda kuzunguka kwa kasi, na wapo wanaolipendelea kwa sababu hiyo.

Renault 5 GT Turbo humtaka dereva awe na subira. Ukikanyaga mafuta, kwanza hakuna kubwa linalotokea. Baada ya kitambo kidogo tabochaja huamka, na gari huruka mbele kwa ghafla. Katika barabara yenye maji, mruko huo unaweza kuyafanya magurudumu ya mbele yateleze.

Maradhi ya kila gari

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kukaza macho.

Adui mkuu wa Golf ya kwanza ni kutu. Hujificha chini ya milango, chini ya kioo cha mbele na kwenye bomba la kutilia petroli. Kutu ya bomba hilo ni mbaya zaidi kwa kuwa vumbi lake huanguka ndani ya tangi, likasafiri hadi kwenye mtambo wa kupuliza petroli na kuuziba. Aidha, Golf za kwanza zenye usukani wa upande wa kulia zinajulikana kwa breki hafifu, kwani nguvu ya mguu wa dereva hupitishwa kwa vyuma vya kuunganisha hadi upande wa pili wa gari.

Peugeot 205 hustahimili kutu kuliko Golf ya kwanza. Maradhi yake yako kwenye ekseli ya nyuma, ambako beringi huisha na kuanza kula chuma chenyewe. Dalili ni magurudumu ya nyuma kulala upande, na gari kukaa chini isivyo kawaida. Vilevile, mkanda unaoendesha vali usipobadilishwa kwa wakati ukakatika, vali hugongana na pistoni na injini huharibika. Ndani ya gari, plastiki hukauka na kupasuka.

Injini ya Renault 5 haina mkanda huo kwani hutumia mnyororo, na muundo wake ni rahisi kwa fundi kuuelewa. Tatizo lake ni joto. Tabochaja na kabureta zimebanana mahali padogo, hivyo gari lililozimwa likiwa moto huweza kukataa kuwaka tena hadi lipoe. Toleo la pili lilipunguza adha hiyo kwa kupoza tabochaja kwa maji.

Lakini wengi wa wamiliki wa awali wa Renault hawakutosheka na nguvu za kiwandani. Walifungua mtambo ili uongeze msukumo wa hewa, wakala gasketi na pistoni. Ndiyo maana kupata 5 GT Turbo ambayo haijachokorwa ni kazi ngumu.

Wizi na bima

Miaka ya mwisho ya 1980 na ya kwanza ya 1990, magari ya aina hii yalikuwa kipenzi cha wezi nchini Uingereza. Kufuli zake zilikuwa dhaifu, na vijana waliyaiba ili kushindana nayo usiku mitaani. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria maalum mwaka 1992 ya kuwaadhibu zaidi wanaochukua gari la mtu kisha kuliendesha kwa hatari au kusababisha madhara.

Kampuni za bima nazo zilipandisha ada hadi vijana waliolengwa na magari hayo wakashindwa kuzimudu. Soko likaporomoka. Magari mengi yaliuzwa kwa bei ya kutupa, yakaendeshwa bila kutunzwa, yakagongwa au kukatwakatwa kwa ajili ya vipuri.

Uhaba wa leo ulizaliwa wakati huo. Machache yaliyosalia katika hali njema yamegeuka kuwa mali ya wakusanyaji, na bei zake zimepanda kupita zile yalizouzwa yakiwa mapya.

Uhaba huo umezaa udanganyifu pia. Peugeot 205 ya kawaida inaweza kuvishwa bamba na viti vya GTI, na gari la wizi likapewa utambulisho wa lile lililoharibika. Nambari ya chesisi na ile ya injini hazina budi kulinganishwa na hati za usajili kabla ya pesa kutolewa.

Kutoka Abidjan hadi Uitenhage

Afrika ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1987, Kenneth Eriksson wa Uswidi alishinda mashindano ya dunia ya mbio za magari nchini Ivory Coast akiendesha Golf GTI ya vali 16. Miaka miwili baadaye, Mfaransa Alain Oreille alishinda mbio hizo hizo kwa Renault 5 GT Turbo iliyokuwa karibu sana na ile iliyouzwa madukani, akiwapiku wenye magari yaliyofanyiwa mabadiliko makubwa.

Wakenya wanalikumbuka zaidi gari la nne la kundi hili, Lancia Delta Integrale ya Italia, lililoshinda Safari Rally mwaka 1988 na 1989 likiwa na Miki Biasion na mwaka 1991 likiwa na Juha Kankkunen. Integrale huendeshwa na magurudumu yote manne, na kasi yake inawaacha mbali hawa watatu. Lakini kiwanda kilililitengeneza kwa usukani wa kushoto pekee, na matengenezo yake ni ghali mno.

Nchini Afrika Kusini, umbo la Golf ya kwanza liliendelea kutengenezwa Uitenhage kwa jina la Citi Golf hadi mwaka 2009. Hilo ni jambo la heri kwa mmiliki, kwa kuwa vipuri vingi vya mwili wa gari lenye usukani wa kulia viliendelea kutoka kiwandani robo karne baada ya Ulaya kuacha.

Kwa Kenya, kanuni inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane ndiyo kizuizi cha kwanza kwa yeyote anayetamani kuagiza gari kama hilo kutoka Uingereza.

Sheria, mafuta na usalama

Huko Uingereza, gari lililofikisha miaka 40 huondolewa kodi ya barabara, na halilazimiki kukaguliwa kila mwaka mradi halijabadilishwa sana. Ujerumani na Ufaransa huanza kulitambua gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30.

Mafuta nayo yanahitaji uangalifu. Tangu mwaka 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza imekuwa na ethanoli ya hadi asilimia 10, ambayo huweza kudhuru mipira na mabomba ya magari ya zamani, hasa yenye kabureta. Wamiliki hulazimika kununua petroli ya bei ya juu yenye ethanoli kidogo.

La muhimu kupita yote ni uhai. Magari haya yalizaliwa kabla ya Euro NCAP, shirika lililoanza kupima magari ya Ulaya kwa kuyagongesha mwaka 1997. Hayakuja na mifuko ya hewa, na wepesi unaoyapa kasi ndio huo huo unaoyanyima kinga. Dereva aliyezoea gari la kisasa linalomsahihisha anapokosea hatapata msaada wa aina hiyo hapa.

Uamuzi

Mwenye kutaka gari la kutumia mara kwa mara ataridhika na Golf, hasa ya toleo la pili. Anayethamini raha ya kona na yuko tayari kujifunza tabia ya gari atachagua Peugeot. Renault inamfaa mwenye fundi wa karibu na moyo wa kustahimili.

Hata hivyo, gari lolote kati ya hayo likiwa zima na lenye hati za matengenezo ya miaka yote ni bora kuliko jingine lenye sifa kubwa lakini limeliwa na kutu. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika soko hili bei nafuu ya leo ndiyo ankara ya fundi ya mwezi ujao.