4711
4711, kwa jina kamili 4711 Echt Kölnisch Wasser, ni marashi mepesi yenye harufu ya malimau na machungwa kutoka mji wa Köln, Ujerumani. Familia ya Mülhens iliyoyaanzisha huhesabu mwanzo wake kuwa 1792. Jina linatokana na namba ya nyumba yao, mtaa wa Glockengasse, iliyowekwa Wafaransa walipoutawala mji katika miaka ya 1790. Kwanza hunukia limau, chungwa na bergamoti, kisha lavenda, rozmari na maua ya mdanzi. Marashi haya hayadumu: mafuta ya matunda hayo hupotea hewani upesi, kwa hiyo hupakwa tena na tena. Wanaume huyatumia, na wanawake pia. Kwa mwanamume anayetaka harufu safi baada ya kunyoa, kwa bei nafuu, ni vigumu kupata marashi ya kale yanayoyazidi haya.