Matajiri wa Mpira na Ujira wa Wadogo

Ni vigumu kupata soko katika Kitui au Makueni, toka Mwingi hata Makindu, lisilokuwa na banda la kutazamia mpira wa Uingereza. Vijana wetu huvaa fulana za vilabu vya huko, na wenye matatu huyachora majina yake nyuma ya magari yao. Kwa hiyo jambo nitakalolieleza hapa, ijapokuwa lilitendeka mbali, si la wageni peke yao. Tarehe 1 Juni 2019, Liverpool ilipoishinda Tottenham mabao 2 kwa 0 mjini Madrid na kutwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya, bao la pili lilifungwa na Divock Origi, ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Kenya zamani. Upande wa Tottenham, miongoni mwa wachezaji wa klabu hiyo, alikuwako Victor Wanyama, nahodha wa Kenya. Hata mwaka haukutimia, vilabu vyote viwili vikaingia katika aibu moja.

Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya Korona yalikuwa yamekwisha kuenea Ulaya. Tarehe 13 ya mwezi huo ligi ya Uingereza ilisimamishwa, viwanja vikafungwa, na fedha za viingilio zikakatika. Siku chache baadaye serikali ya nchi hiyo ilitangaza mpango ambao haukupata kuonekana huko kabla yake. Mwajiri aliyekosa kazi ya kuwapa watu wake aliombwa asiwafukuze, bali awapumzishe. Nayo serikali ingemlipia asilimia 80 ya ujira wa kila mmoja, isizidi pauni 2,500 kwa mwezi. Nia ilikuwa njema, kwamba mpishi wa hoteli na muuza duka wasipoteze kazi kwa sababu ya maradhi wasiyoyaleta wao.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa wenye shida hauulizi kila aingiaye ana nini mfukoni. Newcastle ilitangulia kuingia. Tarehe 31 Machi Tottenham ikatangaza kuwapunguzia asilimia 20 ya mishahara watumishi wake 550 wasio wachezaji, na kuutumia mpango ule pale ulipofaa. Na hesabu za klabu zilionyesha kwamba mwenyekiti wake, Daniel Levy, alikuwa amepokea yapata pauni milioni 7 kwa mwaka uliotangulia. Tarehe 4 Aprili ikafuata Liverpool, ambayo mnamo Februari ilikuwa imetangaza faida ya pauni milioni 42. Mishahara ya wachezaji ilikuwa ingali ikijadiliwa mahali pengine. Waliotangulia kuguswa ni wauza tikiti, wapishi, makarani na watunza uwanja.

Haki yataka tusikilize na upande wa pili. Vilabu vilisema kwamba sheria haikumbagua mwajiri tajiri na maskini. Walisema pia kwamba klabu kubwa si sanduku la fedha: ziingiapo kwa mkono huu, hutoka kwa mkono wa pili kuwalipa wachezaji na kujenga viwanja, na hakuna aliyejua mwezi ule mpira ungerudi lini. Tena Liverpool iliahidi kuijaza ile asilimia 20 iliyobaki, hata mtumishi wake asipungukiwe na kitu. Hoja hii ya mwisho ina uzito. Ikiwa mtumishi amepata ujira wake kamili, ni nani basi aliyedhulumiwa?

Sisi tuliozaliwa Ukambani hatuhitaji vitabu vingi kulijibu swali hilo. Mababu zetu waliyapa majina maafa ya njaa. Iliyotokea mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, na ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaitwa Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa nami nimeshika. Walichoshika ni fedha, ila nafaka ya kununua haikuwako. Katika njaa ya namna ile, mtu mwenye fedha akisimama katika mstari wa mahindi ya serikali, sioni wa kumlaumu, kwa kuwa fedha zake hazikuwa chakula. Lakini fikiri habari ya mtu mwenye ghala lililojaa, ambaye asubuhi anawatuma watoto wake na gunia tupu wakapange mstari pamoja na mayatima. Watoto wake watakula, naam, nao hawana kosa. Aliyedhulumiwa ni yule aliye nyuma ya mstari, na pamoja naye wote waliochanga mahindi yale wakidhani yanakwenda kwa wasio na kitu. Dhiki ya vilabu vile haikuwa Nikw'a Ngwete. Kilichotakiwa ni ujira, na ujira hulipwa kwa fedha, nazo fedha zilikuwako.

Wapenzi wa Liverpool waliliona hilo upesi kuliko wakubwa wa klabu. Mji ule una historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi na ya bandari yenye vibarua wengi. Watu wake hawapendi kuona mnyonge akibebeshwa mzigo wa tajiri. Kelele zikapanda, na wachezaji wa zamani wakatamka hadharani. Tarehe 6 Aprili, yaani siku mbili tu baada ya tangazo, mkurugenzi wa klabu, Peter Moore, aliwaandikia wapenzi barua ya kuomba radhi na kukiri kwamba uamuzi wao ulikuwa wa makosa. Tottenham nayo ikageuka tarehe 13. Newcastle na Norwich hazikugeuka.

Hapa ningependa kumtahadharisha msomaji asidhani kwamba kila klabu isiyougusa mfuko wa umma ilikuwa njema. Arsenal haikuwaweka watumishi wake katika mpango ule, na mwezi wa Aprili wachezaji wake wengi walikubali kupunguziwa mishahara kwa asilimia 12.5. Walakini mwezi wa Agosti klabu hiyo ilitangaza kwamba nafasi za kazi 55 zitaondolewa, na kabla ya majira ya usajili kwisha ilitoa yapata pauni milioni 45 kumnunua mchezaji mmoja, Thomas Partey wa Ghana. Mtumishi aliyepoteza kazi angeona heri klabu yake ingeomba msaada wa serikali na kumwacha mahali pake. Mimi nimelipima jambo hili mara nyingi, na bado naliona gumu kuliko lile la Liverpool.

Na kwetu je? Kenya haikuwa na mpango wa kulipia ujira wa waliopumzishwa. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hatatozwa kodi ya mapato. Lakini msamaha wa kodi humfaa mwenye mshahara, si aliyeukosa. Kitui, kiwanda cha nguo cha serikali ya kaunti, huko Syongila, kilianza kushona barakoa kwa maelfu, na mafundi wake wakawa na kazi. Shule zilikuwa zimefungwa katikati ya Machi. Sisi tulioajiriwa na serikali tuliendelea kulipwa kila mwezi tukiwa majumbani mwetu. Wenzetu wa shule za binafsi hawakuwa na mwezi wala mwisho wa mwezi.

Mmoja wao nilimfundisha chuoni. Alikuwa akifundisha hesabu katika shule moja ndogo ya Makueni, ambayo mwenyewe alikuwa na deni la benki kwa ajili ya basi la wanafunzi. Siku ya kufunga, mwenye shule aliwaita walimu akawaambia kwamba karo haitaingia, na kwa hiyo mshahara hautakuwako. Kisha akaufungua mlango wa stoo, na mahindi na maharagwe ya chakula cha wanafunzi yakagawanywa kwa debe mpaka sakafu ikaonekana, naye akachukua fungu lililo sawa na la mpishi. Mahindi hayo yalikwisha mwezi wa Mei. Mwanafunzi wangu akaanza kufyatua matofali kando ya mto.

Tarehe 25 Juni 2020 Liverpool ilipata ubingwa wa Uingereza ambao ilikuwa imeukosa kwa miaka 30. Mabanda ya mpira yalikuwa yamefungwa, tena amri ya kutotoka nje usiku ingali ikitumika. Mwanafunzi wangu, ambaye ni mpenzi wa klabu hiyo tangu utotoni, alizisikia habari kwa redio akiwa peke yake nyumbani. Alinipigia simu usiku ule ule kunipa furaha yake. Baada ya kuusifu ushindi kwa kirefu aliniuliza, "Mwalimu, wale wakata majani wa uwanja walilipwa?" Nikamwambia kwamba walilipwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniaga, maana kesho yake alikuwa na tanuri la kuchoma.

Mwezi wa Januari 2021 shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote, alirudi darasani. Walimu wenzake watatu hawakurudi.